Salamu Iliyojibiwa na Mashine

Saa nne na robo asubuhi, Jumamosi ya tarehe 8 Juni 2024, basi la kutoka Ngara liliingia stendi ya Biharamulo, na abiria wa tatu kushuka alikuwa msichana mwenye gauni la kitenge cha kijani na mfuko wa maharage begani. Aliuweka mfuko chini kwenye vumbi, akafungua mikono, akaanza kuimba.

Hakuwa akitafuta watazamaji. Aliyemwimbia alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, aliyejifunga mtandio shingoni kuficha uvimbe wa tezi, na mtandio haukuuweza. Wakashikana mabega. Msichana alitoa sauti moja ndefu yenye maneno ya Kirundi. Mwanamke alijibu kwa vipande vifupi, akiingia kila mahali mwenzake alipovuta pumzi, hata usingeweza kuchomeka neno lako katikati. Waliulizana hivyo habari za nyumba, za shamba, za mbuzi. Wapiga debe walinyamaza. Muuza karanga alisahau kurudisha chenji ya mtu.

Kijana mmoja aliyebeba boksi la nyaya alisogea, shati lake jeupe limepigwa pasi vizuri kuliko ilivyohitajika kwa kazi ya kubeba maboksi. Alisubiri wamalize.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema yule mwanamke.

"Samahani, dada. Huo wimbo ni wa nani?"

"Si wimbo," msichana alijibu. "Ni salamu."

"Salamu ndefu namna hiyo?"

"Wewe ukimwona shangazi yako baada ya miezi saba, unamwambia 'mambo'?"

"Namwambia shikamoo, naomba nauli."

Mwanamke alicheka kwanza. Msichana alijizuia, akashindwa.

Kijana aliitwa Danstan, Msubi wa pale pale Biharamulo, fundi wa sauti katika studio ya muziki nyuma ya stendi. Msichana aliitwa Akimana, binti Celestini, kutoka Murukulazo, wilaya ya Ngara, kiongozi wa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia na mwimbaji anayekodiwa harusini. Mwanamke alikuwa Niragira, dada wa baba yake, aliyeolewa Bisibo, kijiji cha Biharamulo. Familia yao ilivuka kutoka Burundi Niragira akiwa mgongoni, na salamu ile ilivuka nao. Huimbwa na wanawake wawili: mmoja anaongoza, mwingine anajibu. Akimana alijua kuongoza. Kujibu, katika ukoo mzima, alibaki Niragira peke yake.

Hayo Danstan aliyajua baadaye kwa simu. Namba aliipata siku hiyo hiyo, baada ya kubeba mfuko wa maharage mpaka kwenye pikipiki.

Walizungumza Juni yote na Julai.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nashibishwa na sauti yako, mpenzi."

"Basi utakonda. Salio langu linaisha."

Jumapili moja alipanda gari hadi Ngara bila kusema, akakaa benchi la nyuma kanisani akiwa na shati lile lile jeupe. Akimana alimwona katikati ya wimbo wa matoleo akapotea ubeti, jambo ambalo wanakwaya wenzake walilitaja wiki nzima. Walipotoka walikula ndizi na nyama kwenye mgahawa, na Danstan akamwomba aje arekodi, wimbo wake mwenyewe, katika studio ya kweli.

Akimana alikuwa na wimbo huo tayari: binti anarudi nyumbani baada ya kukaa mbali, kwa Kiswahili, ukimalizika kwa ile salamu.

"Lakini si kwa ajili ya kujulikana," alisema. "Shangazi atapasuliwa tezi Mwanza mwezi wa kumi. Daktari amemwambia wazi, mshipa wa sauti uko jirani na pale watakapokata. Anaweza kuamka hana sauti. Nataka ibaki mahali kabla ya kisu. Umenielewa? Yake, si yangu."

"Nimekuelewa, kipenzi."

Siku ya kurekodi, mwezi wa nane, Niragira alituma ujumbe kuwa ana homa. Akimana alifika peke yake.

Studio ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Chumba cha ndani kilifunikwa sponji nyeusi kila ukuta, na mlango ulipofungwa Akimana alijaribu sauti yake akashtuka. Kanisani sauti hupanda darini ikamrudia mwimbaji. Humu ilitoka mdomoni ikafia hapo hapo. Mbele yake kulikuwa na maikrofoni iliyokingwa kwa kitambaa cheusi cha duara. Masikioni, hedifoni nzito. Ng'ambo ya kioo, Danstan, anayeongea bila kusikika mpaka abonyeze kitufe.

"Kuna kitu kinakwaruza," sauti yake ilisema ndani ya kichwa cha Akimana.

"Si mimi."

"Usitikisike. Bado kipo. Vuta pumzi. Hicho! Ni gauni lako."

Kitenge kilikuwa kipya, hakijafuliwa, bado kina ugumu wa dukani. Kila alipopumua kililia kama maganda ya mahindi makavu.

"Nimelishonesha kwa ajili ya leo, Danstan!"

"Na umependeza, Mungu anaona. Maikrofoni ndiyo haina macho."

Teddy, dada wa mapokezi, alimpa khanga yake iliyolainishwa na miaka ya kufuliwa. Bangili zilivuliwa. Viatu navyo vilivuliwa. Akimana alirekodi wimbo wake wa kwanza miguu mitupu, ndani ya khanga ya mwanamke mwingine.

"Hiki kinachogonga masikioni ni nini?"

"Kinahesabu mwendo, usikimbie."

"Mimi sikimbii. Chenyewe ndicho kinachokimbia."

Beti zilikwenda vizuri. Ilipofika zamu ya salamu alianza, akasimama. Akaanza tena, akasimama.

"Namsalimia nani?"

"Salimia maikrofoni."

"Haina kwao."

Danstan aliingia ndani, akamshika mikono. Alimweleza kwamba studio hufanya kazi hivyo, mmoja mmoja, hata waimbaji wakubwa. Kwamba ataongoza na kuacha nafasi, na shangazi akipona atakuja kuziba nafasi zake. Akimana alifumba macho. Safari ya tatu alifika mwisho. Kwenye rekodi ilisikika sauti moja ndefu, ikikatika kila baada ya muda mfupi, na katikati kimya.

"Hizo nafasi," alisema wakati anavua hedifoni.

"Ni za shangazi."

"Mtu asiguse."

"Hakuna atakayegusa. Niape?"

"Usiape. Fanya."

Niragira aliahirisha mara mbili mwezi wa tisa, kwa sababu uvimbe ulikuwa umeanza kumbana pumzi. Pius, mwenye studio, alikuwa amekwisha kumwahidi mtangazaji wa redio moja ya mkoa wimbo mpya. Danstan aliziba nafasi zile kwa mchana mmoja. Alikata vipande vidogo vya sauti ya Akimana, akavishusha mpaka vikawa vizito kama sauti ya mwanamke mzima, akavipanga kwenye nafasi. Hakupiga simu kuuliza. Baadaye alitoa sababu nyingi. Iliyo ya kweli ni kwamba alidhani hakuna atakayetambua, na kwamba Akimana akijisikia redioni atafurahi.

Akafurahi, kwa muda wa beti mbili. Alikuwa nyuma ya nyumba, Murukulazo, anamenya mihogo na mama yake, mtangazaji alipolitaja jina lake. Mama alipiga vigelegele. Kisha mwishoni ikaja salamu, na mwanamke akajibu.

Akimana aliangusha kisu kwenye beseni, akatafuta simu.

"Mpenzi! Umesikia?" Danstan alipokea kabla haijaita vizuri. "Nilitaka kukushtukiza!"

"Nani yule?"

"Nani?"

"Mwanamke anayejibu. Ni Teddy?"

Danstan alicheka kicheko cha mtu aliyepona. "Wivu huo! Hakuna mwanamke, laazizi. Ni wewe. Nimechukua sauti yako nikaishusha kidogo. Umejijibu mwenyewe!"

"Rudia."

"Nimesema ni sauti yako, nime..."

"Nilikuwa naomba iwe Teddy," Akimana alisema. "Teddy ni mtu."

Akakata.

Simu ya pili ilitoka Bisibo kabla jua halijazama.

"Shikamoo, shangazi."

Niragira hakuitikia. "Jirani ameniletea redio mpaka jikoni. Umeona nachelewa, ukaamua kujijibu."

"Si mimi, shangazi."

"Ile ni sauti ya nani?"

Hapo Akimana hakuwa na uongo wa kusema. "Yangu."

"Basi. Wanawake wawili wamekuja hapa kuuliza kama nimekufa. Wamenikuta natwanga."

"Shangazi, nakuomba. Njoo siku moja tu, kabla ya Mwanza."

"Nije kufanya nini? Sauti mnayo. Hii yangu iacheni iende na kisu."

Kesho yake asubuhi Akimana aliingia studio na fulana ya kwaya na kitenge chenye madoa ya mihogo. Teddy alisimama kumkaribisha, akatazama uso wake, akakaa tena. Pius na Danstan walikuwa chumba cha mashine.

"Msanii wetu!" Pius alisema. "Dada, wimbo unaombwa urudiwe. Simu haziishi."

"Utoeni."

"Tuutoe? Nani atajua, dada yangu? Nani ana masikio hayo?"

"Yule mliyemnyamazisha."

"Bibi mgonjwa kijijini..."

"Ana jina. Anaitwa Niragira." Akamgeukia Danstan. "Na wewe umekaa hapo kama spika iliyochomolewa."

"Nilitaka kukurahisishia," Danstan alisema.

"Nilikuomba urahisi lini? Nilikuomba kitu kimoja. Kimoja! Ukasema hakuna atakayegusa, ukataka hata kuapa. Ungekwenda kwa mwanamke mwingine ningemfuata kwao, nikamtukana mpaka nikapoa. Huyu nimtukane vipi? Ni mimi! Umenichukua mimi ukanifungia mlango wa shangazi yangu."

"Akimana, mpenzi, nisikilize..."

"Ulipokuwa unakata vipande, simu yako ilikuwa wapi?"

Danstan alitazama meza. Simu ilikuwa juu ya meza.

"Hapo," alisema.

"Usinipigie tena kwa hiyo."

Alipiga. Hakupokelewa. Wiki hiyo, katika kipindi cha mchana ambapo wasikilizaji hupiga na kusalimia ndugu zao, mtangazaji alimpokea mtu aliyesema maneno haya, na kituo kinayo rekodi yake:

"Naitwa Danstan, wa Biharamulo. Mimi ndiye niliyerekodi ule wimbo wa salamu. Sauti ya pili si ya mtu. Niliikata kutoka kwa mwimbaji mwenyewe, bila ruhusa yake, baada ya kumwahidi kuwa sitagusa. Anayejibu salamu hiyo kweli anaitwa Niragira, yuko Bisibo, ni mzima. Naomba msiupige tena."

Hawakuupiga tena. Pius alimfukuza kazi Danstan jioni ile, akamrudisha siku ya tatu kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuendesha mashine.

Jumapili iliyofuata Danstan alikwenda Bisibo kwa pikipiki. Niragira alipokea shikamoo yake, akampa kiti, akamtengea sahani ya ndizi na maharage, kisha akaingia ndani na watu wote wa nyumba wakamfuata. Danstan alikula peke yake uani, anatazamwa na kuku. Alipomaliza, Niragira alitoka.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama. Nimekuja kuomba..."

"Ulikuwa na mtu wa kuzungumza naye?"

"Hapana, mama."

"Nenda nyumbani."

Akaenda. Akimana alisimuliwa habari hizo na shangazi mwenyewe, kwa simu, na ilikuwa mara ya kwanza Niragira kumpigia tangu siku ya redio.

"Gari letu la Mwanza Jumatatu linaondoka saa ngapi?" Niragira aliuliza mwisho wa maongezi.

"Saa tano."

"Nitafika mjini mapema. Nataka kuiona hiyo mashine."

Jumatatu ya tarehe 14 Oktoba walifika studio Teddy akiwa anafagia. Niragira alivaa gauni la bluu la kwenda nalo hospitali, mtandio mweupe, na kikapu mkononi. Akimana alimwambia Danstan "za asubuhi" na hakuongeza kitu. Teddy alikuwa amepewa taarifa ya ujio wao, na Danstan alikuwa ameondoa hedifoni zote na kuzima kile kinachogonga. Katikati ya chumba cha sponji ilisimama maikrofoni moja.

Niragira aliizunguka kompyuta kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnadani.

"Ndiye huyu aliyenijibia?"

"Ndiye, mama."

"Mwambie nimemsalimia. Anijibu sasa hivi."

"Hawezi, mama."

"Redioni aliwezaje?"

"Nilimfanyia mimi."

"Aa," Niragira alisema. "Kumbe tunaanza kuelewana." Akaingia ndani.

Wakashikana mabega. Mara ya kwanza kikohozi kilimkata Niragira njiani. Akanywa maji, akamkemea Danstan kwa kumtazama shingo, wakaanza tena. Safari hii pumzi ya mmoja ilipoisha ya mwingine ilikuwa imekwisha kuingia. Ng'ambo ya kioo Danstan hakugusa chochote. Teddy, ambaye kwao wanazungumza Kirundi, alianza kucheka.

"Wanasema nini?" Danstan alinong'ona.

"Wanaulizana habari. Shangazi anauliza, huyu mwizi wa pumzi za watu, kwao wana ng'ombe?"

"Akimana anajibu nini?"

"Hata mbuzi hawana. Wana spika."

Walipomaliza, Niragira aliomba asikie. Hakuwa amewahi kuisikia sauti yake kwa uwazi ule. Alisikiliza mpaka mwisho amesimama, mkono kwenye tezi.

"Huyo mama ana kiburi," alisema.

"Ndiye wewe, shangazi."

"Najua. Wewe unafikiri nimemsema nani?"

Danstan alibeba kikapu mpaka kwenye basi. Niragira alipokwisha kupanda, Akimana alibaki mlangoni, mguu mmoja kwenye ngazi.

"Rekodi nimeihifadhi mahali pawili," Danstan alisema. "Sijaigusa."

"Usiiguse."

"Akimana. Nataka kuja Murukulazo na wazee wangu."

"Una uso wa kusema hivyo wewe?"

"Sina. Nimekuja hivyo hivyo."

"Mimi bado nina hasira na wewe, Danstan. Si ya utani. Nikiamka ipo, nikilala ipo."

"Sijakuambia uitupe. Njoo nayo."

Akimana alimtazama, akapanda. Basi likaondoka.

Niragira alipasuliwa Jumatano. Tezi ilitoka nzima. Alipoamka hakuwa na sauti. Siku ya pili ikaja kama mnong'ono. Siku ya nne akaongea. Ilikuwa chini kuliko ya zamani na yenye kukwaruza, na daktari alimkataza kuimba mpaka atakapomwona tena. Kama itarudi kuwa ya kuimba, daktari hakusema, na hakuna aliyejua.

Siku hiyo ya nne Akimana alimpigia Danstan simu.

"Anaongea?" aliuliza kabla ya salamu.

"Anaongea. Amemgombeza nesi."

"Mungu asifiwe."

"Danstan."

"Naam."

"Ule usiku wa kuamkia siku tuliyokuja studio, ulilala?"

"Sikulala."

"Vizuri. Waambie wazee wako wasije siku ya soko. Baba siku ya soko hakai nyumbani."

Jumamosi ya tarehe 30 Novemba 2024, kabla ya adhuhuri, Danstan alifika Murukulazo na baba yake mdogo, Anatory, na jirani mmoja. Walileta kibuyu kikubwa cha pombe ya ndizi. Celestini aliwakalisha upande mmoja wa sebule, ndugu zake wakakaa upande wa pili. Anatory alieleza, kwa maneno mengi ya kuzunguka, kwamba wameona ua katika nyumba hii. Celestini akasema ua lenyewe litaitwa, liseme.

Niragira ndiye aliyemleta Akimana, amemshika kiwiko. Shingoni hakuvaa mtandio, kovu lilionekana. Akimana alivaa kitenge cha njano na kilemba chake, na hakutabasamu. Kwa sauti yake mpya, ambayo iliwalazimu wageni kuinama mbele ili waisikie, Niragira aliuliza:

"Mtoto wangu, hawa watu unawafahamu?"

"Wazee siwafahamu," Akimana alisema. "Huyu wa shati jeupe namfahamu. Alichukua kisicho chake, akanidanganya, kisha akasema mbele ya mkoa mzima kwamba ni yeye."

Anatory alikohoa. Jirani akatazama viatu vyake. Danstan alibaki ametazama mbele.

"Hatukukuuliza sifa zake," Niragira alisema. "Pombe yao ipo hapa. Tuinywe, au waibebe?"

"Inyweni," Akimana alisema. "Yeye nitamalizana naye mwenyewe."

Celestini alichomeka mrija kwenye kibuyu, akanywa wa kwanza, akampa Anatory.